Zabibu Nyekundu Si Aina Moja

Wanunuzi wengi wa zabibu hapa Mombasa, iwe Marikiti au Kongowea, huuliza bei kisha huchagua kwa rangi. Rangi ni kigezo dhaifu, kwani vichala viwili vyekundu vilivyopangwa meza moja huweza kuachana sana kwa utamu, kwa unene wa ganda na kwa mbegu.

Red Globe, iliyozalishwa na Harold Olmo wa Chuo Kikuu cha California na kutolewa kwa wakulima mwaka 1980, ina punje kubwa za kupendeza machoni na mbegu ndani yake, lakini ladha yake, kwa maoni yangu, ni ya maji maji. Ukubwa ndio unaoiuza, hasa mwezi wa Ramadhani inapotakiwa sinia ya futari ionekane imejaa. Crimson Seedless ya mwaka 1989 ina punje ndogo zaidi, ndefu kidogo, zisizo na mbegu, nazo hukatika kwa mlio mtamu zikitafunwa. Kati ya nyekundu hizo mbili, sioni haja ya kusita.

Nyeupe inayojulikana zaidi duniani ni Thompson Seedless, jina ililopewa California baada ya William Thompson kuipanda huko katika miaka ya 1870, ingawa asili yake ni mizabibu ya zamani ya Asia ya Magharibi iitwayo Sultana. Ndiyo hiyo hiyo inayokaushwa kwa wingi, na huenda umeila mara nyingi ndani ya tambi bila kuifikiria. Ajabu ni kwamba watu huikwepa inapoanza kugeuka manjano, wakadhani imechakaa, ilhali hapo ndipo sukari yake imekolea. Ile ya kijani kibichi inayong'aa mara nyingi ni kali. Wala usiinunue chachu kwa matumaini kwamba itaiva kabatini kama embe au ndizi, kwa sababu zabibu ikishakatwa mtini haiongezi utamu tena.

Aina hizi zisizo na mbegu huenezwa kwa vipandikizi. Mbegu huanza kuumbika baada ya uchavushaji, kisha hukoma ingali changa na laini, ndiyo maana haihisiki mdomoni.

Kwa harufu, hata hivyo, hakuna kati ya hizo inayoifikia Muscat of Alexandria, ambayo Afrika Kusini huitwa hanepoot. Ina mbegu, na wauzaji wa siku hizi hawaipendi kwa sababu hiyo, lakini mwenye subira ya kutema mbegu hupata manukato ambayo Crimson haina kabisa.

Aina yoyote utakayoichagua, tazama kikonyo kabla ya punje. Kikiwa kijani na kinapindika, kichala hakijakaa sana. Kikiwa cha kahawia na kikavu, joto la Pwani limeshakifikia. Ule utando mweupe kama vumbi juu ya ganda ni nta ya tunda lenyewe, nao huzuia maji kupotea, kwa hiyo zihifadhi kwenye friji bila kuziosha, uzioshe unapotaka kula.