Nguo za Dorkasi na Wasifu wa Bibi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Masomo ya wiki hii ni Matendo 9:36-42 na 1 Samweli 25:14-35.

Dorkasi alipofariki kule Yafa, walimwosha wakamlaza ghorofani, wakatuma watu wawili Lida kumwita Petro. Petro alipofika, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizozishona marehemu wakati alipokuwa pamoja nao. Luka anasema tu kwamba aliugua akafa. Ugonjwa gani, wa siku ngapi, hakuandika. Nguo aliziandika.

Wasifu wa marehemu unaosomwa misibani kwetu Tanga mara nyingi huenda kinyume. Alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, Mungu akamjalia watoto. Kuanzia hapo nusu ya karatasi ni presha, sukari, rufaa ya kwenda hospitali ya Bombo, na saa aliyokata roho. Bibi wa miaka 80 anazikwa na historia ya miezi yake mitatu ya mwisho. Sababu yake inaeleweka: wasifu huandikwa usiku wa msiba, na kalamu hupewa yule aliyekuwa akimuuguza, ambaye macho yake bado yako kitandani. Basi kalamu apewe mwingine, na huyo muuguzi asaidie kwa kusimulia. Ugonjwa upewe sentensi moja. Msomaji asiyekimbia husoma maneno 100 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni maneno 500 au 600, na hayo yanatosha kabisa kama hayakuliwa na majina ya wodi.

Bibi mwenye msimamo wake ndiye anayeumizwa zaidi na wasifu wa haraka. Mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji, akanunua shamba lake Muheza kwa fedha ya biashara yake, anaandikwa "alikuwa mpole, mnyenyekevu na mcheshi". Kila aliyemjua anainamisha uso, maana huyo aliyesomwa siye. Tunaogopa kwamba ukweli utamwaibisha. Maandiko hayakuogopa. Nabali alipomtukana Daudi, Abigaili alitwaa mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, vipimo vitano vya bisi, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini, akapakia juu ya punda, wala hakumwambia mumewe Nabali. Yote yamehesabiwa, mpaka bisi. Na Daudi akamhimidi Mungu aliyemtuma mwanamke huyo kumzuia asimwage damu. Kwa hiyo andikeni bibi alikataa nini, mwaka gani, nani aliudhika, na kukataa kwake kulizaa nini. Kama wajukuu walisoma kwa mazao ya shamba lile, hilo litajwe. Mithali 31 husomwa sana kwenye mazishi ya akina mama, lakini mahubiri huirukia mistari ya mwisho na kuupita ule wa 16, ambao mwanamke anaangalia shamba, akalinunua.

Halafu kazi ya mikono. "Alikuwa mjasiriamali" ni maneno yasiyo na mtu ndani yake. Kama alikaanga vitumbua Ngamiani, semeni alikaa barabara ya ngapi, aliamka saa ngapi, alipika mchele kiasi gani kwa siku. Andikeni na upishi wenyewe, kwa vipimo vyake, wakati waliomsaidia bado wapo. Kwa kilo moja ya mchele ulioloweshwa usiku kucha, wengi hutia tui zito vikombe viwili na nusu hadi vitatu, sukari robo kilo, hamira kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na iliki ya kutwanga. Husagwa mpaka rojo lisiwe na chenga, likafunikwa saa moja hivi mpaka liumuke. Chuma kipate moto kwanza, mafuta yatangulie kila shimo. Mchele ukilowa kidogo, kitumbua huwa na mchanga mdomoni. Tui likitiwa la moto, hamira hufa, na kinatoka kizito kimelala. Sukari ikizidi, nje huungua ndani kungali kubichi. Yeye lakini pengine alipima kwa kopo lake na kwa kiganja: lichukueni kopo lile lile, lijazeni mchele, lipimeni kwenye mizani ya duka, kisha andikeni gramu. Likitupwa pamoja na vyombo vikuukuu siku ya kugawa vitu, kipimo kimekwenda nalo.

Tarehe ya kuzaliwa msiibuni. Nendeni parokiani mkaombe daftari la ubatizo. Humo mtapata jina la msimamizi wake pia, ambalo watoto wengi hawalijui. Kama alibatizwa ukubwani, waulizeni wa rika lake: wakati wa Uhuru, 1961, alikuwa ameshavunja ungo? Azimio la Arusha, 1967, lilimkuta na mtoto wa ngapi? Vita vya Kagera, 1978, alikuwa akiishi wapi? Majibu matatu yanayokubaliana yanatosha kuandika "mnamo". Majirani Waislamu waulizwe sawasawa na wanajumuiya. Katika mtaa wa Tanga wao ndio waliokaa naye barazani, na wanajua alimkopesha nani unga bila kuandika popote.

Ndani ya sanduku lake tafuteni daftari la upatu au la VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, stakabadhi za ada, karatasi za mauziano ya shamba. Daftari litawaambia kama alikuwa amekwisha kupokea mchezo, yaani fedha ya zamu yake, na bado anadaiwa, au anadai. Deni la namna hiyo lilipwe mapema, maana wenzake wanaona haya kulidai msibani. Karatasi za shamba zipigwe nakala kabla kikao cha ukoo hakijakaa, na wote wajue kwamba kikao hupendekeza tu msimamizi wa mirathi. Anayemteua ni mahakama. Shamba lililonunuliwa na bibi likiingizwa kimya kimya katika mali ya babu, ugomvi hauishi, na jasho la mwanamke huyo limefutwa mara ya pili.

Wasifu ukikamilika, usomwe kwanza kwa wazee wawili au watatu waliomfahamu tangu ujana, wausahihishe. Nakala moja ibaki kwa katibu wa jumuiya. Kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka, padre apewe ile ile kabla ya Jumapili, naye atakuwa na la kumshukuru Mungu kwa jina: shamba, ada za watoto, unga aliokopesha, na vitumbua vya alfajiri.