Siwati

Stima zimepotea tangu saa mbili na chaji imebaki asilimia 14, kwa hivyo naandika haraka, makosa mtanisamehe.

Jana nilikuwa kwa Mama kule Kisauni, Mombasa, nikabeba Sauti ya Dhiki, diwani ya mashairi ya Abdilatif Abdalla, ile fotokopi yangu kuukuu ambayo kurasa za mwisho zimeliwa na mende. Nikamsomea lile shairi la mamba. Wenye kulijua wanalijua, mamba yuko mtoni anajigamba ataishi milele, na Abdilatif wala hakufichi, anakwambia mwanzo kabisa kwamba analifumba makusudi, anayeweza afumbue. Sasa mimi nikawa nasoma kama taarifa ya habari. Mama akanikatiza, "Hebu ngoja mwanangu, wasoma mbiombio, hilo lataka pumzi." Akavaa miwani, akaanza kuhesabu kwa vidole juu ya leso: kipande cha kwanza mizani, yaani silabi, 4, cha pili 8, mishororo mitatu ubeti umekwisha. Kumbe ile 4 ya mwanzo ndiyo inayogonga mlango, halafu 8 inaingia na maneno yake. Miaka yote nalisoma, sijawahi kulisikia hivyo.

Halafu ukiuliza watu Abdilatif ni nani jibu ni lile lile, ati alifungwa. Kweli alifungwa, tena akiwa kijana wa miaka 22 tu, kwa ajili ya kijikaratasi kilichouliza Kenya: Twendapi?, akahukumiwa miezi 18, serikali ikakata rufaa ikawa miaka 3, na mashairi akayaandika kwa siri kwenye karatasi za choo. Akatoka 1972, kitabu kikatoka 1973, na 1974 kikapewa tuzo, na tuzo yenyewe ina jina la nani? Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga! Hapo huwa nacheka peke yangu. Lakini hadithi ya jela ni tamu mno mpaka imemeza mashairi, tunaisifu karatasi ya choo kuliko kilichoandikwa juu yake. Jaribu wewe kupanga vina vya kati na vya mwisho peke yako seli, bila hata karatasi ya kukosea.

Na kingine kinachoniuma ni lugha. Yule aliandika Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, si hiki Kiswahili chetu cha mtihani. Nikiwa kidato cha pili niliandika kwenye insha "alimwata mtoto mlangoni", yaani alimwacha, neno la nyumbani kabisa, mwalimu akalizungushia wino mwekundu na pembeni akaandika hakuna neno kama hili, akalisoma kwa sauti, darasa zima likacheka. Mwaka huohuo nikakutana na "siwati", yaani siachi, ndani ya kitabu hichohicho kilichopewa tuzo. Nikawaza nimpelekee mwalimu nimwoneshe ama ninyamaze, nikanyamaza. Mpaka leo sielewi, ukiliandika wewe ni kosa, akiliandika yeye ni fasihi ya Kenya, na neno ni hilohilo moja.

Tena hiyo Kenya yenyewe hakukaa nayo sana baada ya jela, alienda Dar es Salaam, halafu London kwa BBC, halafu Leipzig akisomesha Wajerumani Kiswahili mpaka 2011. Wako wanaosema diwani moja ni haba kwa mtu wa sifa kama zile. Haba vipi bana, mimi nimeirudia sijui mara ngapi na jana ndo nimeanza kuisikia.

Jana Mama aliposonga mbele hadi shairi la "Siwati" hakusimama kwenye neno hilo, alipita tu kama mtu anayepita uani kwake. Nikamwuliza, hilo neno si limekufa? Akanitazama juu ya miwani, "Limekufa lini? Na asubuhi nimekwambia uwate viatu nde."

Wakati wa kuaga nikanyosha mkono nichukue fotokopi yangu, akaisukuma chini ya mto.

"Hichi niwatie."

Nimemuwatia.