Flashi pembeni, kamera ya kuanzia

Jana jioni nilimpiga picha mama mkubwa kibarazani kwa Nikon D3300 yangu, nikiwa nimeiweka flashi ya Yongnuo YN560 III juu ya stuli, upande wake wa kushoto, badala ya kuichomeka juu ya kamera. Mwanzoni flashi ile iliwaka kila mara, lakini mwanga wake haukuonekana hata chembe katika picha, nami nikadhani imeharibika. Kumbe flashi ndogo ya kamera, inapojipimia yenyewe, hutangulia kutoa mmweko wa kupima mwanga, na ile ya pembeni, ambayo huwaka inapoona mmweko wa flashi nyingine, huuitikia mmweko huo kabla shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) haijafunguka. Nilipoiondoa ile ya kamera katika kujipimia na kuipangia mwenyewe nguvu ya 1/32, zote mbili ziliwaka kwa pamoja. Ningeweza pia kuihamisha ya pembeni kutoka S1, hali ya kuitikia mmweko wa kwanza, hadi S2, hali ya kuupuuza ule wa kupima. Kasi ya shata niliiacha kwenye 1/200 ya sekunde, ambayo ndiyo kikomo cha kamera hiyo kwa flashi. Mikunjo ya uso wake ilitokea vizuri mno, ingawa mwenyewe, alipoiona picha, aliniomba niifute.