Kongamano la chama kwa simu mbili na blogu moja

Ukiingia Bomas au Kasarani, kumbi kubwa za Nairobi, siku ya kongamano la wajumbe ukidhani kazi yako ni kuwahi kuandika, utachoka bure. Ukumbini kuna maelfu ya simu na kila mjumbe ni ripota. Mtu anayekosekana ni yule wa kutenganisha kilichosemwa, kilichopendekezwa na kilichopitishwa. Mpangilio wangu wote, kuanzia betri hadi kichwa cha habari, nimeujenga juu ya vitenzi hivyo vitatu.

Wiki moja kabla, natafuta katiba ya chama na notisi ya mkutano. Katika katiba nasoma vifungu vichache tu: nani anahesabiwa kuwa mjumbe, akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo, ni ngapi, nani ana mamlaka ya kuitisha kikao, na kura hupigwa kwa siri au kwa sauti. Katika notisi natazama ajenda. Mtu akisimama kupendekeza jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda, hapo ndipo penye habari, na pengine ndipo patakapozaliwa kesi mbele ya jopo la kutatua mizozo ya vyama vya kisiasa. Asiyeisoma notisi ataona shangwe tu.

Kisha naandika posti kumi hadi kumi na mbili kabla ya siku yenyewe, nikiacha mapengo: “Wajumbe wamepitisha ___ kwa sauti. Pendekezo: ___. Limeungwa mkono na ___.” Kila jambo kubwa lina matoleo mawili, likipita na likikwama. Majina na vyeo vyote navihakiki mapema, kwa sababu jina la mtu likikosewa, wafuasi wake watajadili jina badala ya habari. Mtandao wa X huwapa wasiolipia herufi 280, na maneno ya Kiswahili ni marefu: hapo unapata maneno 35 hivi, si zaidi ya 40. Sentensi ikizidi, huwa nimechanganya mambo mawili.

Kibali cha kuingia ni shughuli yake. Jina na nambari ya kitambulisho hutumwa kwa ofisi ya mawasiliano ya chama siku kadhaa kabla, na ukiwa na kadi ya mwanahabari ya Baraza la Vyombo vya Habari, ivae shingoni. Askari wa langoni hajui blogu yako ina wasomaji wangapi. Fika saa moja asubuhi. Baadaye mabasi ya kaunti huziba Thika Road au Lang'ata Road, na pia foleni ya usajili wa wajumbe hutoa habari nzuri kuliko hotuba tano za kwanza. Hapo ndipo utawaona wanaokuta majina yao hayamo kwenye orodha.

Sasa vifaa. Simu ya kwanza ni ya kuandika na kupiga picha. Ya pili inarekodi sauti tangu mwenyekiti anapogonga meza hadi mwisho, ikiwa haiguswi, imezimwa data. Usiiweke mbele ya spika kubwa, sauti itapasuka. Hatua tatu au nne pembeni inatosha. Betri ya akiba ya mAh 20,000 haitajaza simu ya mAh 5,000 mara nne kama hesabu ya darasani inavyodai. Nishati nyingine hupotea njiani kama joto, kwa hiyo tegemea mara mbili na nusu. Chukua laini za mitandao miwili tofauti.

Mtandao utalemewa. Hilo si swali la kama. Ni la saa ngapi, na mara nyingi ni pale kiongozi wa chama anapoingia na kila mtu anainua simu kupeperusha mubashara. Minara ile ile inayotosha siku ya kawaida inagawiwa watu maelfu kwa mpigo. Ndiyo maana mimi sipeperushi mubashara kutoka ukumbini. Video ya megabiti 2.5 kwa sekunde inakula zaidi ya gigabaiti moja kwa saa, nayo inakwamakwama wakati uamuzi unapopitishwa, na chama chenyewe kwa kawaida kinapeperusha. Ukishikilia kupeperusha, kumbuka YouTube kwa simu inataka chaneli iwe na wafuasi wasiopungua 50, na kuwashwa kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua saa 24. Usigundue hilo ukiwa tayari ndani.

Ninachotegemea ni mwenzangu aliyeketi nje ya ukumbi, penye intaneti tulivu. Mimi namtumia mistari mifupi, data ikifa natuma SMS ya kawaida, kwa sababu maandishi matupu hupenya pale picha inapokataa. Yeye ndiye anayechapisha. Ana masharti mawili: asichapishe “wamepitisha” bila kuniona nimeandika neno hilo, na asichapishe barua yoyote yenye nembo ya chama kabla ya kuipata kwenye akaunti rasmi ya chama au kwa afisa wake. Siku kama hizo taarifa feki zenye saini na muhuri husambaa WhatsApp kabla hata wimbo wa taifa haujaimbwa. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili, kwa anayechapisha uongo kwa makusudi. Lakini hata bila sheria, posti moja ya uongo huua blogu.

Picha tunatumiana WhatsApp kama faili, si kama picha. Ukituma kwa njia ya kawaida inabanwa, na maelezo ya saa iliyopigwa yanafutika, kumbe saa ndiyo ushahidi wako mtu akidai picha ni ya mkutano wa zamani. Kwa blogu tunaipunguza hadi upana wa pikseli 1,200, chini ya kilobaiti 200, maana msomaji wetu yuko kwenye matatu na bando la siku.

Saa yenyewe ina mtego. X itaonyesha 11:40, nasi kwenye blogu ya Kiswahili tunaandika saa 5:40 asubuhi. Amua mapema na mshikilie mtindo mmoja, la sivyo jioni mtakuwa mmeandika uamuzi uliopita kabla ya kupendekezwa. Kwenye ukurasa wa matukio, jipya linakaa juu, na kosa halifutwi: linaandikiwa “Sahihisho” na saa yake.

Idadi ya watu usiikopi kutoka jukwaani. Ukumbi wa ndani wa Kasarani una viti vipatavyo 5,000. Mshereheshaji akitangaza wajumbe 20,000 humo, hesabu safu. Nukuu nazo zibaki katika lugha zilizosemwa. Raila Odinga alijulikana kwa vitendawili jukwaani, na kitendawili ukikifasiri wewe kimeshakuwa maoni yako. Andika alichosema, acha wasomaji wategue.

Kuna siku mambo huwa mawili kwa wakati mmoja. Februari 26, 2022, chama cha ODM kilikuwa Kasarani na kile cha Jubilee kikiwa jumba la KICC, katikati ya jiji. Siku kama hiyo chagua ukumbi mmoja, mwingine uufuate kwa matangazo ya chama na useme wazi kwamba hukuwepo. Na kuna siku kikao huvunjika: uchaguzi wa ndani wa ODM Kasarani, Februari 28, 2014, ulivurugwa na wanaume waliovalia suti nyeusi. Jua milango ya kutokea tangu asubuhi. Fujo zikianza, andika unachokiona, viti kurushwa au masanduku kupinduliwa, na uache “chama kimegawanyika” kwa wachambuzi wa usiku.

Jioni sifungi kazi. Narudi kwenye sauti, nasikiliza dakika za maamuzi tu, nalinganisha na maazimio yaliyosomwa mwishoni. Mara nyingi utakuta jambo lililoshangiliwa sana halimo. Mabadiliko ya viongozi au katiba ya chama lazima yapelekwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwaka 2022 mikataba ya miungano ilitakiwa kumfikia miezi minne kabla ya uchaguzi wa Agosti 9. Kwa hiyo makala ya blogu ninaiacha na mstari mmoja wazi chini kabisa, “Kwa Msajili: bado”, na naweka tarehe kwenye simu ya kurudi kuujaza.