Ndevu hizo usizipeleke Newala

Dada mkubwa kajifungua salama, mtoto wa kike. Mnada wa korosho umepita kwa bei ambayo sina hamu ya kuiandika. Na mimi bado nimekwama kwenye maneno ya mjomba.

Lile onyesho letu la Siku 16 za kupinga ukatili, pale Chuno, Mtwara mjini. Mjomba alikuwa mjini kwa mambo ya chama cha ushirika, nikamkaribisha kwa adabu tu. Akaja kweli! Akaketi mbele, bakora magotini. Sisi wanawake, na makoti ya kaka zetu na ndevu za masizi, tunacheza kikao cha ukoo kinachomrudisha binti kwa mume anayempiga. Katikati tunafunga vitambaa vyeusi machoni, tunachuchumaa. Hilo tumeliazima Chile, kwa kundi la LASTESIS la Valparaíso. Novemba 2019 waliingia barabarani hivyo hivyo, na kule kuchuchumaa kulikuwa kuwasuta polisi wanaowachuchumaza wanawake waliokamatwa. Wengi ukumbini walidhani ni ngoma ya Kimakua. Sawa tu.

Nje, najifuta uso kwa kanga:

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umecheza vizuri. Ila ndevu hizo usizipeleke Newala.”

Naosha vyombo, nayasikia. Napanga hesabu za kikoba, nayasikia.

Maana Newala hiyo hiyo, midimu wakitoka, wale wachezaji wa vinyago wa Kimakonde, mwanamume hujifunga kifuani ubao uliochongwa matiti na tumbo la mimba, na chale zake. Anashika kiuno, anaugulia uchungu wa kuzaa, kijiji kizima hoi kwa kicheko. Ni nani mle ndani? Sisi wanawake hatujui. Hata kama miguu ile unaifahamu tangu unabebwa mgongoni, hujui. Sasa ningemjibu nini? “Haya, mjomba.” Basi. Mimba yetu wao wanaicheza uwanjani, ni mila. Ndevu zao kwetu ziishie Chuno.

Nikampelekea hasira zangu yule mwenzetu, fundi wetu wa masizi. Simtaji, mnamjua. Yule ambaye kwa suruali zake, na kwa anayeishi naye, watu wa Ligula wamemwita kila jina.

“Wewe umefuta kwa kanga ukaenda kulala,” akaniambia. “Mimi naulizwa hata nikienda kununua dagaa.” Kisha: “Hakusema kingine?”

Alisema. Akiingia kwenye bajaji, tena bila kunitazama: “Na mabega yashushe. Mwanamume aliyezoea kusikilizwa hapandishi mabega.”

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Halafu tukajaribu pale uani, mabega chini, na sauti ikashuka yenyewe, nzito, ya mtu asiye na haraka. Niliogopa kidogo. Mjomba anaijua kazi! (Ameijulia wapi, sijui. Nimeshasema sijui.)

Tarehe 10 Desemba tunacheza Mikindani, mabega chini. Newala hatujakubaliana. Yeye anataka twende. Mimi nasita, kwa sababu likitokea la kutokea, mimi nitaitwa mpwa wa fulani nisamehewe. Yeye ataitwa nini? Amekasirika kwamba nasita kwa niaba yake, na sijui kama hana haki.

Halafu kisima cha nyumbani kimeanza kutoa maji ya chumvi, fundi hapokei simu, na mzazi anarudi na kichanga kesho.