Nilivyopanda Lenana na Mapafu ya Pwani

Kila aliyesikia hapa Mombasa kwamba nataka kupanda Mlima Kenya alinipa ushauri uleule: jikaze, tembea haraka, ufike kileleni kabla baridi haijakuingia. Nimeshasimama Lenana, kilele kimojawapo cha mlima huo, mita 4,985, na nasema wazi kuwa ushauri huo ni hatari kwa mtu aliyezaliwa usawa wa bahari.

Nina uchungu nao kwa sababu safari ya mwanzo iliharibika hivyohivyo. Kampuni iliyotuchukua ilitupitisha njia ya Naro Moru. Tukalala kambi ya Met Station, mita 3,050, na kulipokucha tukapelekwa moja kwa moja mpaka kambi ya Mackinder, mita 4,200. Katikati kuna mpando wa kinamasi: unauchomoa mguu huu, ule mwingine unazama mpaka muundini. Nilipofika kambini kichwa kinapasuka, chakula sikitaki, hata chai ya tangawizi naitapika. Kiongozi wetu akaniambia, "Jikaze dada, huo ni uchovu tu." Haukuwa uchovu. Huko juu hewa ni nyepesi. Lenana kila pumzi inakupa oksijeni nusu na ushei ya ile unayoivuta ukiwa Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, na mwili unataka siku kadhaa kuzoea. Mpagazi mmoja, Mungu ambariki, ndiye aliyenishusha alfajiri, na kila tulivyozidi kushuka kichwa kilizidi kupoa.

Niliporudi mlimani nilichagua njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki. Ni ndefu zaidi lakini inapanda taratibu. Nikakataa katakata kutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, kwenda kambi ya Shipton, mita 4,200, kwa mkupuo. Tuliongeza usiku Old Moses: mchana tunapanda juu, jioni tunarudi kulala chini. Kipimo cha mwendo nilikibuni mwenyewe, nacho ni salawati. Nikiisoma yote kwa sauti bila kukatika pumzi, mwendo ni sawa. Nikikwama katikati, napunguza. Kijana aliyeniongoza akaacha kutazama saa, akawa ananisikiliza mimi.

Mavazi msihangaike kununua dukani. Nendeni Kongowea kwenye mitumba. Makoti ya baridi kali yapo, na wauzaji wanatafuta wa kuwaondolea, maana nani atayavaa kwa joto letu? Langu la manyoya ya bata nililipata kwa bei ya fulana mbili hivi. Libane kwa mkono kisha uliachie: likifura upesi ni zima, likibaki bapa liache hapohapo.

Mazoezi yangu yalikuwa ngazi za ghorofa tunayokaa Tudor, na mtungi wa lita 20 siku za maji kukatika. Kushuka na mzigo pia ni mazoezi, maana magoti huumia wakati wa kurudi.

Usiku wa kileleni tuliondoka Shipton saa tisa. Hapo ni kokoto na mpando mkali, ukipiga hatua unarudi nusu. Wenzangu waliokuja na mifuko ya maji yenye mpira wa kunyonyea walikaa na kiu, mpira umeganda. Chupa zangu nilizivisha soksi nzito na kuzipanga kichwa chini ndani ya begi. Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo barafu ilikaa kwenye kitako cha chupa na mdomo ukabaki wazi. Nikanywa, nikawagawia. Tende nazo zilinifaa sana, kwani zinalika hata hamu ya chakula ikipotea.

Karibu na kilele kuna vyuma vya kushikilia. Kisha jua likachomoza, vilele vya Batian na Nelion viko mbele yangu, na chini barafu ya mlima iitwayo Lewis imebaki vipande tu. Nililia, na siyo kwa baridi.

Wadogo zangu wa mtaani huniuliza waende na kampuni gani. Nawaambia waulize kwanza: tutalala mara ngapi juu ya mita 3,000 kabla ya kilele? Wakijibiwa mara mbili, wabaki na pesa zao.