Bei naiandika hapohapo

Jamani, mnaouliza mbona ukurasa wangu wa Instagram una mikono yangu kuliko sura: mimi fundi cherehani, mteja anataka kuona mshono. Kola iliyokaa sawa, zipu isiyovuta, kitenge ambacho maua yake yamekutana mgongoni. Hizo ndizo picha zinazoniletea watu. Napigia mlangoni saa mbili asubuhi, kabla jua la Dar halijawa kali, maana taa ya ndani inageuza rangi, halafu mtu anakuja kusema gauni si lile aliloliona.

Sehemu ya utambulisho inabeba herufi 150 tu. Nimeweka kazi, mtaa na namba ya WhatsApp. Yale ya "mpambanaji, mcha Mungu, mama wa wawili" nimewaachia wenyewe.

Na bei naiandika chini ya picha. Hii "bei njoo inbox" inachosha, na wengi hawaji.

Tangu Januari 2025 picha kwenye ukurasa zinaonekana ndefu badala ya mraba. Magauni yangu yamepona, hayakatwi tena pindo! Kesho napandisha mashati ya kiume, mashemeji mjiandae.